Maneno Mawili juu ya Mambo ya Kale: Mfano wa Nchi ya Rungwe

Wasikilizaji, katika lugha ya Kiingereza yako maneno mawili yanayofanana kama ndugu wa tumbo moja, hata wenye lugha wenyewe mara nyingi huyachanganya. Neno la kwanza ni historic, na la pili ni historical. Asili yao ni moja, nayo ni neno la Kiyunani lenye maana ya uchunguzi. Zamani Waingereza waliyatumia yote mawili bila kuyabagua, na baadaye tu ndipo kila moja lilipopewa kazi yake. Kwa maandishi, tofauti yao ni herufi mbili tu. Kwa maana, tofauti yao ni kubwa, nami nataka kuieleza. Sitaki kufundisha Kiingereza, kwa kuwa kazi hiyo wako waalimu wake. Nataka kuonyesha kwamba mtu akiisha kuielewa tofauti hii huitazama nchi yake kwa macho mengine. Mfano nitakaoutumia ni nchi ya Rungwe, yenye mji wa Tukuyu, nchi ya migomba na mvua nyingi, iliyo upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa.

Tuanze na maana. Neno lile refu, historical, husemwa juu ya kitu chochote kilicho cha wakati uliopita, au kinachohusu maarifa ya wakati uliopita. Stakabadhi ya kodi ya mwaka 1930, daftari la majina ya wanafunzi wa shule iliyokwisha kufungwa, jembe lililofuliwa na mhunzi ambaye hata kaburi lake halijulikani, vyote hivi vyastahili neno hilo, japo havikugeuza jambo lolote duniani. Tena neno hilo lina maana nyingine iliyo karibu na hiyo: husemwa juu ya mtu au jambo lililokuwako kweli, ili kulitenga na mambo ya ngano. Neno lile fupi, historic, si la kila kitu. Hilo husemwa juu ya jambo kuu, ambalo baada yake mambo hayakuwa tena kama yalivyokuwa. Kitabu kinachosimulia habari za Vita vya Majimaji huitwa kwa neno refu, lakini vita vyenyewe, vilivyoanza mwaka 1905, vyastahili neno fupi. Kadhalika usiku wa tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Tanganyika ilipopandishwa, watu waliokuwapo waliweza kuutumia usiku ule neno fupi papo hapo, bila kungoja miaka ipite.

Basi lenye herufi nyingi ndilo lenye uzito mdogo. Twaweza kusema kwamba lile refu hupima umri wa kitu, na lile fupi hupima matokeo yake.

Sisi katika Kiswahili tumezoea kuyabebesha maneno yote mawili punda mmoja. Husema “jengo la kihistoria,” “ziara ya kihistoria,” “kitabu cha kihistoria,” “siku ya kihistoria,” na msikilizaji hulazimika kukisia mwenyewe kama anaambiwa habari ya umri au habari ya ukuu. Aghalabu hakuna hasara. Lakini pana mahali ambapo hasara yake ni kubwa, napo ni pale tunapotaka kuamua ni mambo gani ya kale yaliyo bora kukumbukwa na kutunzwa. Hapo yule punda mmoja hutupeleka njia isiyo yetu, nasi tusijue.

Mtu akitoka Tukuyu akaelekea kusini-mashariki, atafika Masoko. Huko liko ziwa dogo la mviringo lililo ndani ya shimo la volkano ya zamani, na upana wake hauzidi nusu maili. Kando ya ziwa hilo Wajerumani walijenga boma la mawe kwa ajili ya askari wao, na baada ya vita Waingereza nao wakaweka askari wao papo hapo. Baadaye jengo likawa mahakama. Wageni huenda kulitazama, na wenyeji huwasimulia kwamba Wajerumani walipokimbia walitupa mali zao ndani ya ziwa, na kwamba mali hizo zimo hata leo. Je, jengo hili ni la kihistoria? Naam, kwa neno refu ni la kihistoria bila shaka yoyote. Lakini tukiuliza kwa neno fupi, yaani ni jambo gani lililogeuka katika maisha ya watu wa Rungwe kwa sababu ya kuta zile, jibu halitoki upesi.

Tutazame na mji wa Tukuyu wenyewe. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walijenga kituo chao pwani ya Ziwa Nyasa, wakakiita Langenburg, kwa heshima ya mwana wa mfalme wa nyumba ya Hohenlohe-Langenburg, aliyekuwa kiongozi wa chama cha makoloni cha Ujerumani. Pwani ile ilikuwa na homa nyingi, na yapata mwaka 1900 wakahamia juu, penye hewa ya baridi, palipoitwa Tukuyu, wakapaita Neu-Langenburg, maana yake Langenburg Mpya. Vita Vikuu vilipoanza, kikosi kilichotoka huko kilivuka mpaka wa mto Songwe na kuushambulia mji wa Karonga tarehe 9 Septemba 1914, kikarudishwa nyuma. Mwezi wa Mei mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kutoka kusini na kuutwaa mji. Jina la Langenburg likafifia na kupotea, na jina la Tukuyu likabaki hata leo.

Hapo twaona mfano mzuri. Jina la Neu-Langenburg ni neno la historia na kazi yake imekwisha: mtu hulikuta katika ramani za zamani tu. Lakini kule kutwaliwa kwa mji mwaka 1916 kuligeuza mambo, maana kulibadili sheria, fedha, lugha ya ofisini, na mahali ambapo mtu alikwenda kushtaki. Jambo hilo halikuacha jiwe hata moja la kulionyesha. Lililoacha mawe ni boma la Masoko, na mgeni hupelekwa penye mawe.

Nimefika sasa penye kiini cha maneno yangu. Wanyakyusa wa zamani hawakujenga kwa mawe. Walijenga kwa mianzi na majani, tena kwa ustadi mwingi. Mskoti Joseph Thomson, aliyepita nchi hiyo mwaka 1879, alizisifu mno nyumba zao safi na mashamba yao ya migomba katika kitabu alichokichapisha mwaka 1881. Tena desturi yao ilikuwa kwamba vijana hawakukaa katika nyumba za baba zao. Mvulana alipofika umri wa miaka kama kumi aliondoka, akaenda na wenziwe wa rika moja kujenga kijiji chao wenyewe, na hicho ndicho kilichokuwa kijiji chao hata uzee. Kijiji kilikuwa ni watu wa rika kabla ya kuwa nyumba. Rika lilipokwisha, mianzi ikaoza, migomba ikaota, na mtu apitaye leo haoni kitu.

Sasa sikilizeni sheria inavyosema. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya mwaka 1964 huhesabu kuwa mnara wa kale jengo au umbo lililofanywa na mikono ya binadamu kabla ya mwaka 1886. Lililo la baadaye huhitaji kutangazwa na Waziri ndipo lilindwe. Kuweka mwaka si kosa, kwa maana sheria haiwezi kwenda bila kipimo, na mwaka ni kipimo kinachoeleweka na kila mtu. Lakini angalieni kwamba kipimo hicho ni cha neno refu: hupima umri. Angalieni pia kwamba hupima vitu vinavyosimama. Nchi iliyojenga kwa mawe ya matumbawe, kama Kilwa, ina mengi ya kuonyesha ya kabla ya mwaka 1886. Nchi iliyojenga kwa mianzi haina jengo hata moja. Je, tuseme ya kwamba Rungwe haikuwa na historia mpaka Mjerumani alipoleta chokaa na mawe? Hakuna atakayesema hivyo kwa kinywa chake. Lakini macho yetu husema hivyo kila tunapompeleka mgeni Masoko na kumwambia kwamba hapo ndipo penye historia ya nchi.

Ikiwa ndivyo, mambo makuu ya nchi hii tuyatafute wapi? Wazee wa Kinyakyusa walikuwa na jibu lao. Walisimulia kwamba watawala wao walishuka kutoka Ukinga, katika milima ya mashariki, vizazi kama kumi vilivyopita, wakaja na moto, na ng'ombe, na chuma. Watu waliowakuta, ati, walikuwa wakila vyakula vibichi. Katika watawala hao aliyeheshimiwa kupita wote ni Lwembe, mwenye makao yake Lubaga, si mbali na Tukuyu, aliyeombwa mvua na rutuba ya nchi. Nduguye kwa asili, kama wasimuliavyo, ni Kyungu wa Ngonde, upande wa Karonga. Mtawala alipokufa, alizikwa penye miti, na mahali pake pakawa msitu mtakatifu usiokatwa.

Habari hiyo ya moto haiwezi kupokewa kama ilivyo. Binadamu wameutumia moto kwa maelfu mengi ya miaka, wala haiyumkiniki kwamba watu wa bonde hilo walingoja wageni kutoka Ukinga wawafundishe kupika. Basi kwa neno refu, katika maana yake ile ya pili ya mambo yaliyokuwako kweli, moto wa Ukinga hauna ushahidi. Lakini tusiutupe kwa haraka. Wazee walipousimulia walikuwa wakifanya kazi ya neno fupi. Walikuwa wakisema: hapa ndipo mambo yetu yalipogeuka, hapa ndipo tulipopata utawala, na kabla ya hapo tulikuwa kama watu wasio na moto.

Nao hawakuisimulia habari hiyo tu, bali waliitenda. Wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa katika nchi hiyo na kufanya uchunguzi kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika habari za sherehe iitwayo ubusoka, yaani kutoka. Wazee walipoona wakati umefika, waliukabidhi utawala kwa rika la wana wao. Wana wawili wakubwa wa mtawala walitokezwa mbele ya watu, na nchi ya baba yao ikagawanywa baina yao. Siku hiyo mioto yote ya zamani ilizimwa, na moto mpya ukapekechwa kwa vijiti, ukachukuliwa nyumba hata nyumba. Fikirini nchi nzima, jioni moja, isiyo na moto jikoni, ikingojea moto mmoja. Ikiwa iko siku inayostahili neno fupi, ndiyo hiyo. Tena haikuwaacha watu wangoje waandishi waje waiite hivyo baadaye. Watu wenyewe waliitenga na siku nyingine zote, wakaitia alama kwa majivu.

Godfrey Wilson alifariki mwaka 1944, na Monica akaendelea na kazi, akachapisha vitabu kadhaa juu ya watu hao, kimoja juu ya sherehe zao za nchi nzima kikitoka mwaka 1959. Mwaka 1963 serikali iliufuta utawala wa machifu Tanganyika yote. Isingalikuwa zile karatasi walizoandika kwa kuwauliza wazee, mengi ya ubusoka tungaliyajua kwa jina tu. Na wakati walipokuwa wakiuliza, yamkini wengi waliona ni maswali madogo madogo: nani hulala wapi, nani hula na nani, moto hupekechwa kwa mti gani.

Hapo laja somo la pili. Neno fupi lina udhaifu wake, nao ni kwamba mara nyingi watu hawajui, siku yenyewe, kama jambo walionalo ni kuu au dogo. Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian walifika chini ya mlima Rungwe wakaomba mahali pa kukaa. Mwaka huo huo walifika wa chama cha Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky. Kwa watawala wa wakati ule walikuwa wageni wachache, wenye mizigo na homa, waliohitaji chakula na ulinzi. Hawakuja na jeshi. Lakini katika mambo yaliyofuata, yaani kuandikwa kwa Kinyakyusa, shule, makanisa, na watoto wa nchi hiyo kuwa waalimu na makarani mbali na kwao, ni machache yaliyogeuza maisha ya watu kuliko kufika kwa wageni wale. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Kinyume chake, mambo mengi yaliyopigiwa ngoma na mizinga yamebaki kuwa tarehe tu.

Kwa sababu hiyo haitupasi kulidharau neno refu kwa kulipenda neno fupi. Vitu vidogo vya kale ni kama mbegu ghalani: hujui ni ipi itakayoota. Nitatoa mifano miwili, yote ya Rungwe.

Wa kwanza ni mlima Kiejo. Wazee wa sehemu hizo walihifadhi habari kwamba zamani ubavu wa mlima ule ulipasuka na mawe yaliyoyeyuka yakatiririka bondeni. Kwa muda mrefu hayo yalikuwa maneno ya jioni tu. Hata wachunguzi wa ardhi walipofika na kuyaona mawe meusi yenyewe, walitegemea masimulizi hayo ya wazee kukadiria kwamba jambo lile lilitukia yapata mwaka 1800. Leo katika hesabu za volkano za dunia nzima, mpasuko huo umeandikwa kwa mwaka huo, na shahidi wake ni vinywa vya wazee wasiojua kuandika.

Wa pili waturudisha Masoko. Nimesema kwamba watu husimulia habari za mali iliyotupwa ziwani. Wataalamu nao wamelichunguza ziwa hilo, lakini wao hawakutafuta fedha. Walishusha mabomba marefu mpaka chini, wakatoa tope. Tope la ziwa lile hutua tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, nalo hukamata chavua za miti, majivu ya volkano, na masizi ya mioto ya porini. Kwa kulisoma kama kitabu, waliweza kueleza mabadiliko ya mvua na misitu ya nchi hiyo kwa muda wa miaka ipatayo 45,000. Boma lililo kando yake halijatimiza hata mia mbili. Hazina ya Masoko ilikuwa imo ziwani kweli, ila ilikuwa ni tope.

Basi, wasikilizaji, nikusanye maneno yangu. Tukitaka kusema vizuri kwa Kiswahili, hatuna haja ya kuazima yale maneno mawili. Kwa lile refu tuseme “la kihistoria.” Kwa lile fupi tuseme wazi kwamba ni jambo “lililogeuza historia,” kisha tueleze liligeuza nini, na kwa nani. Tukishindwa kueleza, tulirudishe kwenye neno refu, nalo halitaona aibu. Mtu akisimama Masoko mbele ya boma, na aseme: hili ni jengo la kihistoria. Kisha amgeuze mgeni wake, amwonyeshe upande wa Lubaga na upande wa Ukinga, amwambie: yaliyoigeuza nchi hii yalipita huko, wala hayakuacha kuta.

Bali jambo moja lina haraka. Mawe yaweza kungoja. Yakikosa mtunzaji mwaka huu, mwakani yatakuwapo. Msitu wa kaburi la mtawala haungoji, kwa kuwa shoka moja hufanya kazi ya siku moja. Na mzee hangoji kabisa. Katika kila kijiji cha Rungwe, na cha nchi nyingine zilizojenga kwa miti na majani, wako watu waliosikia kwa masikio yao habari kutoka kwa wale waliouona moto ukizimwa na kupekechwa upya. Mwenye kujua kuandika na achukue daftari aende akaulize, na aandike jina la aliyemwambia na siku aliyoambiwa. Asichague kwanza lipi kubwa na lipi dogo. Kazi hiyo watakuja kuifanya wengine, nao hawataweza kuifanya ikiwa sisi hatukuwaachia kitu cha kuchagua.